Nguzo Iliyowashinda Mchwa

Twaha,

Miaka sita! Miaka sita mizima hujakanyaga kizingiti hiki, na mimi niliyekutafunia ndizi ulipokuwa na meno mawili niko hapahapa, sijahama, na barabara ya Kimuli haikumezwa na mto. Ungekuwa mbuzi ningesema umeliwa na fisi, nikalia siku tatu, nikanyamaza. Lakini wewe kila Iddi simu: “Bibi, hujambo? Bibi, unahitaji nini?” Nahitaji nini! Nilikuwa nahitaji kukuona kama umenenepa. Hilo halitumwi kwa simu.

Halafu ukaja. Siku nne, na kesho asubuhi unapanda gari. Katika siku nne hizo umenidanganya mara tatu. Nimehesabu kwa vidole, na vidole vyangu, ingawa vimepinda, havijasahau kazi.

Sasa hivi umekwenda Songambele kuagana na mjomba wako. Jua bado liko juu ya migomba, nimeketi mlangoni, daftari magotini. Shule sikuiona, wajua. Herufi hizi nilizipata barazani pa msikiti, darasa la watu wazima, mama yako mgongoni akinivuta sikio. Zina matege. Zisome hivyohivyo, usizinyooshe.

Sikuandikii habari za kuvaa sweta na kula kabla hujalala. Una ndevu. Mwenye ndevu akishindwa kujipikia uji, na alale njaa, atajifunza. Nakuandikia habari za msikiti, maana ndio uliokuleta. Si mimi. Usibishe, ngoja nimalize.

Uongo wa kwanza uliusema hata begi hujalitua. “Nimekuja kukuona tu, mke wangu.” Nikacheka, nikakuchemshia chai. Chai haijapoa, mume wangu huyo keshatoka na futi mfukoni kwenda msikitini. Nikakufuata polepole na fimbo yangu. Nikamkuta Idrisa, mwenyekiti wa kamati, amesimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa. Mimi simwamini mtu anayeng'arisha viatu wakati wa masika. Akakupa mkono. “Karibu, fundi,” akasema, “tulikutazamia jana.” Jana! Mimi niliyekulea nimejua umekuja ulipobisha hodi, na Idrisa alikutazamia jana.

Uongo wa pili ni wa simu. Ndani hupokei. Unatoka kwenda kuzungumzia kwenye migomba, umeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Basi nikuambie, siku ile nilikuwa mstari wa pili nakata majani ya kufunikia chungu. Idrisa anapiga kelele kwenye simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, nilimsikia wazi. “Bibi ameshajua?” Nawe ukamjibu: “Bado. Niachie mimi.” Jioni nikakuuliza nani alipiga. “Rafiki wa kazini, Bibi.” Na ukaongeza chumvi kwenye matoke, wakati mimi nilikwisha kutia ya kutosha. Mtu anayesema kweli haongezi chumvi.

Uongo wa tatu nauweka pembeni kidogo, ndio mkubwa.

Siku ya tatu nikafua suruali yako. Mfukoni nikakuta karatasi. Picha haihitaji shule. Niliuona msikiti wetu umelala chali: kuta nne, tundu la kibla, baraza, kile kisiki cha mnara. Katikati vidoti vinne, nguzo. Vitatu umeviacha. Cha nne, kile cha kushoto karibu na kibla, umekitia mkasi mwekundu, kama mwalimu anavyomkosesha mtoto hesabu. Nikaikunja kama nilivyoikuta, nikaiweka juani ikae na suruali. Ulipokuja uligusa mfuko kwanza, ndipo ukasema ahsante. Niliona.

Nasikia kuna mfadhili. Nasikia msikiti mpya, wa ghorofa, minara miwili, vigae chini, na huu wa zamani uondolewe kwanza. Nasikia, nasikia. Hakuna aliyekuja akaketi nami akanywa hata maji. Wananipita na shikamoo ya mbali, ile ya kumtupia mtu kama mfupa.

Sasa sikiliza jinsi ulivyojengwa, maana umeupima wote kwa futi na bado huujui.

Ulianza ukiwa nyumba ya kulala. Baba mkwe wangu alikuwa mzee Sulaimani, babu yake mama yako. Baba yake Sulaimani alipoingia dini alikuwa na msonge mkubwa, nyumba ya duara ya nyasi kutoka kileleni hadi chini, kama zilivyokuwa nyumba zetu zote. Akamhamisha mke, akahamisha ndama, akasema humu tutasali. Lakini nyumba ya duara haina ukuta wa mbele. Kila upande ni mbele. Mmoja anainama huku, mwenzake kule, wanagongana vichwa. Mpaka mzee akatoboa tundu kwenye matete upande wa kibla, mwanga ukaingia, akasema elekeeni pale. Adhana iliitwa kutoka juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba. Kikumbuke hicho kichuguu.

Paa la msonge lilibebwa na nguzo nne za msambya, ule mti mgumu tunaojengea. Mzee mwenyewe alizikata na kuzibeba. Sulaimani alizirithi kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Hakuna mgeni aliyepita bila kuambiwa: “Piga. Piga usikie. Msambya huu mchwa hawawezi, wanavunjika meno.” Mgeni anapiga kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo. Sulaimani anafurahi kama amesifiwa mtoto.

Mimi niliolewa msonge ungali umesimama. Kazi yangu ilikuwa nyasi. Mikeka ya kutosha hatukuwa nayo, tulitandika sakafu kama tulivyotandika majumbani. Alhamisi nakata nyasi laini bondeni; Ijumaa kabla ya alfajiri natoa zile kavu, naweka mbichi, ili mtu akisujudu paji la uso likutane na umande. Zulia lenu lile la plastiki, nikilinusa tu, napiga chafya.

Kisha wakaamua kujenga kwa tofali za kuchoma. Na wazee wale walikuwa na akili. Hawakutaka sala ikatike hata siku moja, kwa hiyo hawakubomoa. Walisimamisha kuta nne kuuzunguka msonge, msonge ukiwa ndani kama yai kiotani, na watu wakisali ndani ya yai. Kuta zikapanda. Bati zikapigwa juu ya nyasi. Ndipo wakautoa msonge nje kwa kupitia mlangoni, fito kwa fito, mzigo kwa mzigo, sisi wanawake tukibeba. Nguzo nne zikabaki, kwa kuwa paa jipya lilikwisha kuegemezwa juu yake. Nilikusikia ukimwambia Idrisa kwamba nguzo hazikukaa mstari. Hazikukaa mstari kwa sababu zilikaa duara. Hata hizi tatu za saruji, zilizokuja baadaye, zilisimikwa kwenye mashimo yaleyale. Zinakumbuka nyumba yao. Ungeniuliza.

Fundi aliitwa Gaspari. Mkristo, alitoka Burundi na mke wake Madelena, na shingoni alivaa timazi lake, kile chuma chenye ncha kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Watu wakanung'unika: Mkristo atajengaje msikiti? Sulaimani akawauliza: “Tofali lina dini gani?” Wakanyamaza wote, isipokuwa mimi. Mimi ni mwanamke wa shaka tangu tumboni. Mama yangu alisema nilizaliwa jicho moja limefumbuka.

Basi nilimlinda Gaspari kama ninavyomlinda kuku mwenye vifaranga. Alipofika kwenye kibla akauliza: “Ukuta mnautaka ubonyee ndani au utokeze nje?” Hajauona msikiti maisha yake. Akajenga tundu la tao, zuri kupita kiasi, na mimi nikasema pembeni, hili ni tundu la kuwekea sanamu. Juu ya kuta akaacha matundu ya hewa yenye umbo la msalaba, kama mkono wake ulivyozoea kanisani. Zogo! Wazee wakavua kanzu ili wagombane vizuri. Gaspari hakukasirika. Alicheka, akapanda ngazi, akaziba mkono mmoja wa kila tundu. Nilikuona umesimama chini yake unajikuna kichwa, mbona matundu haya yana mkono mmoja tu. Ungeniuliza.

Ijumaa moja nikaenda na mzigo wangu wa nyasi kichwani, nje kunaanza kupambazuka. Plasta ilikuwa bado, na mnara umefika kiunoni mwa mtu. Nikaingia kwa mlango wa pembeni. Gaspari amepiga magoti chini ya nguzo ya kushoto, ile iliyo karibu na kibla, anachimba. Kando yake kikapu.

Twaha, nilikiona kilichokuwa kikapuni. Yalikuwa majivu na vijiwe. Niliyaona na niliyanusa. Mwanamke anayeamka na figa kila siku hawezi kuyakosea majivu. Lakini kabla akili haijafika, mdomo ulikwisha kufika. Nikapiga nduru.

Wewe siku hizi unakaa kwenye majengo ambayo mtu akipiga kelele majirani huongeza sauti ya redio. Kwetu nduru si kelele. Ikipigwa hakuna anayeuliza. Kila mwenye miguu anatoka na alichoshika, panga, mchi, mwiko wa ugali, na asiyetoka atakuja kujibu kwa nini hakutoka. Na aliyeipiga lazima awe na sababu. Huwezi kutoa kijiji kizima kitandani halafu ukasema, samahani, nimeona majivu.

Msikiti ukajaa. Sulaimani akaja na shuka mabegani. Sasa ujue kwamba mzee yule hakuwa akinisemesha. Mkwe ni mkwe. Akitaka kujua kama nimekula, aliuuliza ukuta: “Huyu binti amekula?” na babu yako ndiye aliyejibu. Siku ile ukuta hakuutazama. Alinigeukia mimi.

“Hadija. Umeona nini?”

Watu wote wale. Nyasi bado ziko kichwani kwangu. Nikasema: “Anazika kitu. Nimeona kifurushi.”

“Umekiona kwa macho yako?”

“Nimekiona.”

Gaspari alinitazama. Hakunitukana. Akamtazama mzee, akafungua mdomo, akaitazama nguzo, akaufunga. Mimi nikajiambia, ona, amekosa la kusema, ni kweli. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kuna siku nilikaribia kukiona hicho kifurushi, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Ukisema kitu mara nyingi kinaota miguu.

Hakuna aliyechimba kukitafuta. Nani atie mkono kwenye uchawi? Walirudisha udongo kwa miguu, wakaushindilia, wakamwambia jua likifika utosini asionekane. Wakapita hapa mbele, yeye na kitanda kichwani, Madelena na mtoto mgongoni, wakashika njia ya Chonyonyo. Timazi alilisahau. Lilikuwa linaning'inia ukutani, halitikisiki. Nikalichukua mimi, nikalificha. Sikuvumilia kuliona limenyooka vile.

Mnara haukuisha. Hakuna fundi aliyekubali kushika kazi aliyofukuziwa mwenzake. Ndiyo sababu ya kile kisiki kwenye kona ambacho umekichora vizuri sana. Kuku wa imamu wanatagia humo.

Nikazaa, nikazika, nikazaa tena. Mama yako akawa msichana wa kuteka maji. Siku moja paa la msikiti likashuka upande, likalia kama ng'ombe aliyebanwa na ndama. Wakaja mafundi wengine, wakachimba chini ya nguzo. Ya kwanza, ndani tupu, unga mtupu. Ya pili, unga. Ya tatu, ukiisukuma kwa kidole, kidole kinaingia. Zote tatu wakazing'oa, wakasimika za saruji. Kile kichuguu walikisawazisha walipojenga, lakini mchwa wenyewe nani aliwaambia wahame? Walikuwa chini siku zote, wanakula, na sisi juu yao tunasifu msambya.

Wakafika ya nne. Wakakuta majivu yameshindiliwa, mawe yamepangwa kuizunguka kama meno, na mti wenyewe mzima, mkavu kama mfupa. Walichimba mpaka kiunoni. Hakukuwa na kitambaa, hakukuwa na kamba, hakukuwa na kitu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini Gaspari aliufunga mdomo. Aliwaona mchwa. Angelisema mbele za watu, angemvua nguo mzee aliyekuwa akiwagongesha wageni nguzo zake. Akaamua kuzitibu moja moja alfajiri, kimya, mzee afe bila kujua. Alikuwa ndiyo kwanza anamaliza ya kwanza nilipofungua mdomo. Hata pale, watu wamemzunguka na mapanga, hakusema.

Sulaimani alikuwa ameketi kwenye kiti barazani, macho yameingia ukungu. Wakamweleza walichokikuta. Halafu akaniita, mara ya pili na ya mwisho kunisemesha bila ukuta.

“Hadija, kifurushi kiko wapi?”

Nikamwambia maharage yanaungua, nikaondoka. Alikufa kabla ya mavuno. Lile swali hakufa nalo. Limebaki nami humu ndani, tunakula sahani moja.

Nilikwenda Chonyonyo mara moja. Ulikuwa darasa la tatu; nilikuambia nakwenda kuuguza mgonjwa, kwa hiyo usidhani uongo katika nyumba hii umeuleta wewe. Nilifika mpaka uani kwao. Madelena, mvi kichwa kizima, alikuwa anaanika kahawa. Hakunitambua. “Karibu, mama. Keti. Unamtafuta nani?” Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli, kama unavyompa mgeni wa heshima. Nikauliza fundi yupo. “Alifariki, mama. Sasa fundi ni mwanetu, Deo.” Timazi lilikuwa kwenye kikapu changu, chini ya ndizi. Nikampa ndizi. Nikamwambia zimetoka kwa mtu aliyejengewa nyumba nzuri na mumewe. Akashukuru, akanisindikiza mpaka njia panda, amenishika mkono nisiteleze. Nikarudi na timazi langu, na njia nzima lile chuma linanigonga mbavuni.

Na usifikiri ni mambo ya waliokufa. Hapa kijijini watoto wanaambiwa mpaka leo kwamba Mkristo alizika uchawi msikitini. Walioona lile shimo tupu wengi wamekufa, na waliobaki wanapenda hadithi kuliko shimo. Mwaka juzi Deo alikuja huku kuomba kazi ya kujenga vyumba vya zahanati. Wakamuuliza wewe mtoto wa nani. Akasema. Wakamwambia nafasi zimejaa. Nilikuwa napita na kuni, nikasikia yote. Nikaendelea kupita.

Sasa uongo wako wa tatu.

Jana alfajiri nilitoka kutawadha, nikaona mlango wako uko wazi. Nikaenda msikitini kwa mlango wa pembeni. Umepiga magoti chini ya nguzo ya kushoto, ile ya karibu na kibla, una bisibisi, unachokonoa. Palepale. Hata mgongo umeukunja kama yeye. Nduru ilinipanda, Twaha, niliionja ulimini. Nikaimeza. Nikakohoa.

“Bibi! Mbona mapema?”

“Na wewe?”

“Nasali tu, Bibi.”

“Kwa bisibisi?”

Ukacheka, nami nikacheka, tukarudi kunywa uji. Wewe ukatazama bakuli lako, mimi langu. Tumefanana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mkasi wako mwekundu sijui maana yake. Labda ni kata. Labda ni hii iacheni. Niliigeuza ile karatasi kila upande, haikusema. Moyo wangu unasema kata, unasema mjukuu wako amekuja kukuvunjia msikiti bila kukuambia, unasema Idrisa amemweka mfukoni. Lakini moyo wangu husema baya kwanza, na mara moja niliufuata bila kuuliza.

Kushuku sijaacha, na sikuambii uache. Anayeamini kila mtu huamka hana kuku. Shaka ni mbwa mzuri mlangoni. Ila mbwa hubweka tu, haendi kusema kwamba mwizi alikuwa na pembe. Mimi niliongeza pembe. Kosa langu liko hapo, si kwenye nduru. Nduru ingeweza kusamehewa, ningesema tu, nimeona majivu, nikaogopa. Wangenicheka mpaka Iddi, yakaisha.

Na Gaspari naye, Mungu amrehemu, nimemfikiria miaka mingi. Alifanya jambo jema kwa mwendo wa mwizi. Alimlindia mzee heshima, akapoteza yake na ya mtoto wake. Wewe unanilindia nini mimi? Unaogopa Bibi atalia? Nitalia, nitajipangusa, nitabandika ndizi. Nimezika watu, nitashindwa kuzika bati?

Msikiti kuvunjwa sikatai. Unavuja, na Ijumaa vijana wanasali barazani mvua ikiwapiga mgongoni. Wazee wale wenyewe waliutoa msonge wao kwa mlango na hawakulia. Mkitaka kujenga, jengeni. Lakini ile nguzo ndiyo shahidi wangu wa pekee. Majivu bado yako chini yake. Ikiondoka alfajiri moja kwa mashine ya Idrisa, nitabaki mimi na neno langu, na neno langu umeshaona uzito wake. Deo ataendelea kuambiwa nafasi zimejaa. Wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu. Mwambie Idrisa angoje. Akikuuliza kwa nini, mwambie Bibi ameshajua.

Futi yako usiitafute. Najua umeitafuta chini ya kitanda, hata nilikusaidia kutafuta. Ninayo mimi, kwenye chungu cha karanga. Badala yake, chini kabisa ya begi lako, ndani ya kanga yangu ya kijani, utakuta timazi la Gaspari. Uzi nimeubadilisha, ule wa zamani ulikatika.

Utakapokuja kuchukua futi yako, na usikae miaka sita maana mimi si msambya, usije kwangu kwanza. Shuka Omurushaka, chukua bodaboda mpaka Chonyonyo, muulizie Deo fundi, mwana wa Gaspari. Mpigie mama yake shikamoo kabla hujasema lolote. Timazi mpe Deo mkononi, mwambie limetoka kwa mwanamke aliyepiga nduru. Akikutukana, pokea, hayo ni yangu. Akikubali kuja, njoni wote wawili, siku ya Ijumaa, mchana, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka kusali wanatafuta viatu vyao. Piteni mlango mkubwa. Idrisa awepo na viatu vyake. Nyasi nitakuwa nimekwisha kukata, mikono hii bado inaweza mzigo mmoja, nitazitandika kuizunguka nguzo mtakapopigia magoti. Deo achimbe, wewe utoe udongo. Mkifika kwenye majivu, simameni. Niite kwa jina langu mbele za watu wote, kisha uniulize kwa sauti, wa nyuma kabisa asikie, lile swali la mzee Sulaimani: kifurushi kiko wapi.